Asali ya Igalula

Jumatatu, 10 Juni
Ofisini, mtaa wa Ng'ambo, kama kila Jumatatu. Nimepitia ajenda ya bodi ya kampuni yetu ya asali na Selemani, mkurugenzi mtendaji wetu. Mashine ya kuchuja imepona. Asali ya Lusu imefika. Kila nililouliza alijibu. Huu mwaka wa tatu, mimi mwenyekiti, yeye mtendaji. Nimerudi nyumbani na moyo mweupe.

Alhamisi, 13 Juni
Kaka Paulo kapiga simu kutoka Igalula. Ndiye kiongozi wa wafugaji nyuki kule. Anasema gari la kampuni limeacha kwenda kuchukua asali yao. Wameambiwa wasubiri tu. Anauliza wametukosea nini. Nami ndio kwanza nasikia. Mwenyekiti mzima. Nimeona aibu, kisha hasira. Jumatatu Selemani alikaa mbele yangu na hakugusia.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya ibada Mzee Kapaya, mjumbe wa bodi, kanivuta pembeni. Anadai Selemani ameungana na walanguzi, wanagawana faida. Ushahidi hana. Anataka kwenye kikao cha Ijumaa tumwondoe kazini. Sikumkatalia. Ningeweza kumpigia Selemani palepale nikamuuliza. Sikupiga. Nilitaka abaki na kosa lake.

Jumanne, 18 Juni
Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda ofisini, nikafunga mlango, nikamuuliza kwa nini Igalula imesimamishwa bila mimi kujua.
Akasema, "Mama, asali yao imepimwa mara mbili. Imechanganywa sukari."
Na kwa nini hukuniambia?
"Kwa sababu kiongozi wao ni kaka yako."
Alihofia ningemwonya Paulo kabla yeye hajajua nani anachanganya. Alisema huku ananitazama usoni. Imeniuma kuliko tusi. Nimeondoka bila kuaga. Njiani nikajiuliza kama kweli nisingemwonya. Sina hakika.

Jumatano, 19 Juni
Igalula na Selemani, gari moja. Nilitaka awepo asikie kila neno nitakalomwambia kaka.
Nikamwamkia Paulo shikamoo, akaitikia, akatuletea viti. Nikamweleza vipimo vilisema nini. Akahamia Kinyamwezi ili Selemani asielewe. Nikamjibu kwa Kiswahili. Uso wake ukabadilika. Akasema mwaka huu maua yalikuwa haba, mizinga mingi imetoka mitupu, na watu wana watoto wa kulisha. Hakukubali, hakukana.
"Umekuja kama dada au kama bosi?"
Nikasema nimekuja kama mwenyekiti.
Tumeondoka bila kukaribishwa hata maji. Nyumbani kwa kaka yangu.
Wakati wa kurudi, Selemani alisema pole. Mara moja tu. Ilitosha.

Ijumaa, 21 Juni
Kikao. Nimeanza kwa kuwaambia wajumbe kiongozi wa Igalula ni kaka yangu, hivyo sitashiriki uamuzi juu yao. Wakaamua: hatununui kule mpaka asali ya kila mfugaji ipimwe peke yake. Mzee Kapaya akaleta hoja yake ya kumwondoa Selemani. Nikamtaka athibitishe. Akabaki kusema watu wanasema. Hoja ikafia hapo.
Kisha nikasema mbele ya wote kwamba Selemani alikosea kunificha. Sikupunguza maneno. Akakubali. Nimechoka sana.

Jumapili, 30 Juni
Paulo hapokei simu zangu. Anapokea wifi, anasema kaka yuko shamba. Nasikia nyuma anakohoa.

Jumatatu, 8 Julai
Asubuhi Selemani kaja hapa nyumbani. Hajawahi kuja. Kampuni moja ya Dar inamtaka. Bado hajawajibu, na hakuna mjumbe anayejua. Akasema ameona nisikie kutoka kwake kwanza.
Sikumwomba abaki. Nilimuuliza ni kazi gani, akanieleza yote, na mshahara. Tukanywa chai na viazi vitamu. Akaondoka kwenda kazini.
Sijui atachagua nini. Nimeosha vikombe. Kumepoa leo, upepo kidogo.