Kokoto za Juu Niachieni

Dada Somoe,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko Masasi, na kifua cha Baba kimetulia. Mie niko hapa Boko, mzima, ila lami haitoki vidoleni hata nikisugua kwa mafuta ya taa.

Maneno yako ya kwenye simu sijayasahau: "Unatengeneza barabara za watu huko, kaburi la Mama linadidimia!" Ulisema kweli, dada. Lakini nikiondoka kabla ya kumaliza kipande hiki, nafasi yangu atapewa mwingine. Basi nakuandikia la kufanya kabla masika hayajaanza.

Juzi sisi vibarua tulikosea. Palikuwa na sehemu ya tope, tukaiona ndogo, tukaifukia kwa kokoto. Shindilia, ile mashine ya magurudumu ya chuma, ilipopita ikazama. Mzee Kondo anayeiendesha akazima injini, akatucheka.

"Nyie, kidonda mnakipaka poda? Fukueni!"

Tukafukua tope lote, tukachimba mfereji maji yapite pembeni, tukajaza kifusi kidogo kidogo, kila tabaka tukilishindilia. Leo lori la lami limepita hapo, na pametulia.

Kwa Mama msirundike udongo tu. Shemeji aanze na mfereji, upande wa mlimani. Kisha aondoe udongo uliolowa, ule wa juu tu, ajaze kifusi kikavu tabaka kwa tabaka, akikanyaga kwa miguu. Asitwange kwa gogo. Ni Mama yule.

Lile rundo la kokoto nyuma ya jiko lisiuzwe. Nakumbuka Mama alivyokuwa akiponda mawe ya kuuza, jiwe amelizungushia kipande cha tairi lisiruke, na bado anatufukuza: "Sogeeni huko, macho hayauzwi dukani!" Zile ndogo, alizoziita nusu, ndizo huku tunazimwaga juu ya lami, mwisho kabisa.

Hizo msizimwage kaburini. Mlimzika alasiri, mie nikafika kesho yake. Hata konzi moja ya udongo sikutia. Mengine yote fanyeni, dada, ila kokoto nisubirini.

Mpe Baba shikamoo yangu. Msalimie shemeji, na shangazi aliyemwosha Mama. Mwulize magoti yanaendeleaje.

Nikifika msinichemshie chai kwanza. Niwekeeni ndoo penye lile rundo, nyuma ya jiko.

Mdogo wako,
Saidi