Kamba ya Rozi Haifiki Kwenye Kabichi

Igowole, Alhamisi jioni. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na hasira zangu pia.

Jana ng'ombe wangu, Rozi, alichomoka bandani akiburuta kamba yake, akakimbilia kabichi za jirani yangu, Mama Tumaini. Fundo la mwisho wa kamba likanasa kwenye kisiki cha mkaratusi, akasimama ghafla. Nikamrudisha. Nikadhani yamekwisha.

Leo asubuhi mwenyekiti wa kitongoji katuita. Watu watano waliokuwa barabarani, Mama Tumaini akiwemo, wamesema kitu kimoja: miguu ya mbele ilishaingia kwenye kabichi. Nikasema hakufika. Hakuna jani lililovunjika, lakini eti alikanyaga katikati ya mistari, na mvua ya usiku imefuta alama za kwato.

Mama Tumaini, ambaye tunasimama naye bega kwa bega kwenye kwaya, akanitazama usoni. "Mama Eda, na wewe si uliona? Mbona unadanganya?"

Mimi! Mwongo!

Kesho natakiwa kuomba radhi mbele ya watu wote.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi bandani. Nikachukua kamba ileile, nikalinasisha fundo kwenye kisiki, palepale ganda lilipochubuka, nikamvuta Rozi mpaka kamba ikakaza. Kwato hazikufika. Ilibaki hatua nzima! Nikarudia mara tatu, nimelowa mpaka magotini, namfokea ng'ombe wa watu asiye na kosa.

Watu wazima watano! Walimwona anakimbia, basi vichwa vyao vikammalizia safari. Halafu wako tayari kuapa kanisani.

Sasa niandike ambacho sikukisema pale.

Nikifumba macho, na mimi namwona Rozi ndani ya kabichi. Mguu wa kulia uko kati ya kabichi mbili, naona mpaka matope yaliyoruka. Nimepima kwa kamba, najua haikuwezekana, na bado namwona. Asubuhi hata hiyo kamba nilikuwa sijaipima. Nilibisha tu kwa sababu ng'ombe ni wangu.

Kwa hiyo Mama Tumaini aliusoma uso wangu vizuri. Nilikuwa nadanganya, na nilichosema kilikuwa kweli.

Inaniuma kuliko kuitwa mwongo.

Kesho nitaenda na Rozi na kamba yake, wapime wenyewe kwa mikono yao. Radhi ya kabichi siombi, ng'o! Ila Mama Tumaini nitamwambia mbele ya wote kwamba na mimi niliona alichoona yeye. Halafu nitampa ile kamba aivute.