Ukuta Mlevi wa Baba

Dada,

Shikamoo. Naiandika salamu hii kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu moyo umeitaka. Natumaini u mzima, shemeji naye mzima, na kazi yako ya kuwapangia wakubwa slaidi zao inakwenda vizuri. Sisi huku tunapumua. Mama alianguka wiki iliyopita koridoni, nyonga ikavimba, daktari akasema hakuna mfupa uliovunjika ila asisimame peke yake. Ulikuwa hujui? Ungejuaje, na simu zangu unazikata kwa kuwa uko kikaoni, na ujumbe wangu unaujibu kwa picha ya kidole gumba? Ndiyo maana nimetumia karatasi. Karatasi haina mahali pa kubonyeza.

Nianze pale ulipoanzia wewe, siku ile uliyokuja na kompyuta yako ukaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Baba mdogo alikaa kwenye kiti cha marehemu Baba kana kwamba ameachiwa yeye, Mama tukamweka kwenye kochi, mimi nikabaki nimesimama mlangoni na rundo la madaftari ya wanafunzi mkononi. Ulisema umekuja kutuonyesha jinsi ya kuigawa nyumba bila ugomvi: upande wa mbele ukae Mama na mimi, upande wa nyuma uwe wako, utiwe wapangaji. Sikupinga. Baba alitamka kwa mdomo wake kwamba upande wa nyuma ni wako, na kwa hilo sina kinyongo. Nayasema haya mapema ili usije ukamwambia shemeji kwamba naandika kwa tamaa.

Mchoro wako ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Kila chumba ulikifanya kisanduku cha rangi: cha Mama kijani, changu buluu, jiko njano. Mimi pia natumia programu hiyo hiyo kufundishia jiografia, lakini milima yangu haijawahi kupendeza hivyo. Kisha ukasema kuna kitu kimoja kinakukera macho. Kisanduku cha Mama kilikuwa na ubavu mmoja ulioenda mshazari, kama ulivyokwenda mshazari ukuta wenyewe, ule unaotazamana na korido, ambao tangu utotoni tuliuita Mlevi. Ukacheka. Baba mdogo akacheka. Hata mimi nilicheka, maana ni nani katika nyumba hii hajaucheka ukuta ule? Baba alikuwa karani wa posta, nyumba aliijenga kwa mikono yake siku za mapumziko, na kila mgeni aliyepita koridoni alimuuliza siku ile alikuwa amekunywa nini. Naye alicheka pamoja nao, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe.

Basi ukakifuta kisanduku kile, ukaweka kipya chenye pembe safi, ukavichagua vyote kwa pamoja, ukabonyeza kitufe cha kuvipanga. Vikaruka vikakaa mstari mmoja kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu. Ukausogeza mlango wa Mama mpaka kile kimstari chekundu kikatokea, kile kinachojitokeza vitu viwili vikiwa sawasawa, kuonyesha kwamba sasa umelingana na mlango wa jiko. Ulifurahi, Dada. Nilikuona usoni. Ulishusha mabega kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Mama aliinama mbele kuitazama televisheni. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, mlango wake umekwenda wapi. Ukamwonyesha kwa kipanya. Akasema si hapo. Ukamjibu asiwe na wasiwasi, ni mchoro tu.

Maneno hayo nimeyashika mpaka leo. Siku chache baadaye fundi alikuja na vijana wake, nikamwambia ukuta wa Mama asiuguse. Akakupigia simu mbele yangu, akaweka spika. Ukamwambia kila kitu kiko kwenye mchoro, afuate mchoro. Nilipoingilia ukasema nisijifanye mjuzi wa ujenzi kwa vile tu nafundisha watoto ramani. Fundi alitazama chini kwa aibu yangu. Kwa Mama ulikuwa mchoro tu, kwa fundi ukawa amri, na mimi katikati nikawa mpumbavu wa kubeba maji ya kuchanganyia saruji.

Nikuambie pia alichosema fundi, kwa sababu najua hakukuambia. Alipofika chini ya Mlevi alitua nyundo akajifuta jasho. Alisema ukuta huu haukupinda kwa bahati mbaya. Msingi wake nao umekwenda mshazari, umechimbwa vizuri na kushindiliwa vizuri, na pembeni yake kuna mtaro wa zamani ulionyooka ambao mtu aliuchimba kisha akaufukia. Alisema aliyejenga hapa alianza sawa, halafu akabadili mawazo. Mimi nilikuwa na hasira zangu na saruji zangu, sikumsikiliza. Nilimwambia amalize.

Akamaliza. Ukuta mpya ulitoka laini, umenyooka, umepakwa rangi ya maziwa. Ulitaka picha nikakutumia, ukaiweka kwenye kundi la familia pamoja na ya zamani, juu yake ukaandika neno moja: hatimaye. Baba mdogo akapiga makofi ya kwenye simu. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza Mama amelala vipi.

Hakulala, Dada. Kuanzia siku ile alianza kubeba kiti. Asubuhi nikitoka kwenda shule namkuta ameketi katikati ya korido, magoti yameziba njia, anatazama mlango wa chumba chako cha zamani. Nikirudi mchana yuko pale pale. Nikimrudisha chumbani, nikigeuka kidogo tu nasikia miguu ya kiti inaburuzwa. Jirani yetu mshonaji alinivuta pembeni akaniambia, kwa huruma, kwamba wazazi wakifika umri fulani akili huanza kuaga, nimzoee tu. Nami nilianza kuamini. Mbaya zaidi, nilianza kumfokea. Nilimwambia anazuia njia, anamwaibisha mtoto wake kwa wapangaji wanaokuja kuangalia vyumba. Ndiyo, nilikutetea. Hilo nalo limo kwenye hasira yangu.

Siku aliyoanguka alikuwa anakitafuta kiti ambacho nilikuwa nimekificha.

Tuliporudi kutoka hospitali nilimlaza, nikamwekea mto chini ya nyonga. Akageuza uso kuelekea pale ulipokuwa mlango, sasa ni plasta tupu, na machozi yakamtoka bila sauti. Nikachoka. Nikamuuliza wazi anatafuta nini koridoni mpaka ajivunje. Ndipo akaniambia, na sasa nakuambia wewe, uketi chini kama umesimama.

Mimi nilikuwa bado tumboni. Nyumba ilikuwa vyumba vya nyuma tu, na hiki cha Mama ndicho kilikuwa kinajengwa. Wewe ulikuwa na pumu. Unaikumbuka ya mchana, ya kukimbia na kuchoka. Ya usingizini huikumbuki, kwa sababu ulikuwa huamki. Ulikuwa unakabwa huku umelala, kifua kinapanda hakishuki, na mara mbili walikukuta midomo imebadilika rangi. Kulala chumbani kwao ulikataa katakata. Kiburi chako hakikuanza ukubwani. Mama akawa anainuka kila mara kuja kukutazama, na ujauzito wangu ulimvimbisha miguu mpaka ikafika mahali kuinuka hawezi.

Baba alikuwa ameshachimba msingi, umenyooka vizuri kabisa. Akaja akauangalia, akaufukia. Akatandika mkeka pale ambapo kitanda kingekaa, akamwambia Mama alale, kisha akachukua uzi. Mama anasema alishika ncha moja karibu na jicho lake, na Baba akatembea na ile ncha nyingine akipita palipokusudiwa kuwa mlango, akavuka korido, akaingia chumbani kwako mpaka kwenye mto wako. Akarudi akauegemeza uzi huku, akauegemeza kule, akawa anauliza kila mara kama anauona mto. Mama aliposema sasa nauona wote, na kifua cha mtoto nakiona, Baba akapigilia vigingi. Hapo ndipo ukuta ulipojengwa. Tangu walipohamia humo, taa ikiachwa inawaka kwako usiku, Mama akifungua jicho tu, anakuona unapumua.

Ukuta ule haukuwa umepinda, Dada. Ulikuwa umelingana na mto wako.

Baba akamwambia Mama asikuambie kamwe, maana mtoto akijua kwamba analindwa apumue, ataogopa kulala. Akakubali kuitwa mlevi kwenye nyumba yake mwenyewe, na wageni, na ndugu zake, na wewe, na mimi, mpaka tukamzika na utani wetu. Nawe ulipokua, pumu ikakuachia, ukaolewa ukaenda zako, Mama hakuweza kuiacha ile tabia. Anasema usingizi haumchukui kabla hajautazama mlango wako. Ndicho alichokuwa anakitafuta kwenye kile kiti. Hakuwa amepoteza akili. Alikuwa ana usingizi.

Mama aliniomba nisikuambie, nikamwahidi. Alisema utaumia, na kifua chako si cha kuumizwa. Nimemvunjia ahadi kwa makusudi na kwa roho mbaya kabisa, kwa sababu nataka uumie. Nilitaka nikuumize toka siku ile uliponidharau kwenye spika, nikawa sina cha kukupiga nacho. Sasa ninacho. Na nikishakuandikia hivi, nashangaa sijisikii vizuri kama nilivyotarajia.

Jambo la pili: ukuta wako nimeubomoa. Nilianza mwenyewe kwa nyundo ya kuazima, nikawa naumiza mikono bure, fundi akasikia akaja akanisaidia bila kuitwa. Mpangaji wako aliyekuja na friji yake juu ya mkokoteni nimemwambia vyumba havipo, arudi alikotoka, na akitaka maelezo akupigie wewe, kama utapokea. Baba mdogo alipiga simu kunikaripia, nikaikata. Nilimwandikia kwamba niko kikaoni. Kwa sasa pale pana tundu kubwa na pazia la zamani, vumbi limejaa hadi kwenye sukari, lakini chumba chako mlango uko wazi na kitanda kimetandikwa. Mama amelala siku mbili mfululizo, mchana na usiku, mpaka nikawa naenda kumsikiliza pumzi.

Usinijibu kwa kidole gumba. Usinijibu kwa simu wala kwa slaidi. Kama una la kusema, panda gari uje uliseme ukiwa umelala kwenye kitanda chako, na mlango wazi, ili anayetakiwa kukuona akuone. Ukija kugomba, gomba. Mimi nipo, na madaftari yangu, na nyundo bado sijairudisha.

Msalimie shemeji, mwambie hana kosa. Fundi anakusalimia kwa woga. Mama anakusalimia sana, na hajui nimeandika nini. Ameniambia tu nikuulize kama ile dawa ya kuvuta unaiweka kwenye mkoba kila utokapo. Mjibu hilo upesi.

Mimi mdogo wako,
mwalimu wa ramani.

Tena: fundi amesema hajengi tena bila mchoro, na kwa kuwa mlango mmoja ni wako, lazima uutie sahihi. Nimeuchora kwenye programu ile ile. Nilitandika mkeka pale pale, nikamlaza Mama, nikatembea na uzi. Kisha nikakaa kwenye kompyuta, na kila nikiuvuta ukuta uende uzi ulipoelekea, kimstari chekundu kinatokea na ukuta unarukia kunyooka, kama una kichaa. Nilihangaika mpaka nikagundua kuna kitufe cha kushikilia kwa kidole huku ukisogeza kidogo kidogo kwa mishale, na programu ikaniacha. Mchoro umo ndani ya bahasha. Najua utakukera macho.

Usiunyooshe.