Peremende Tulizopika na Benta

Jumamosi, 20 Desemba

Njugu nimepata. Simsim pia. Kila Krismasi mimi na Benta tunapika peremende za watoto wa Sunday school, jikoni kwangu hapa Kaloleni. Tulianza Bridget wangu akiwa bado mgongoni.

Leo Perez, mwenyekiti wa kina mama kanisani, akanivuta kando. Mwaka huu pika peke yako, akasema. Kwani hujasikia? Okinyi, mtoto wa plot yao Benta, tumbo limemshika wiki nzima. Benta alimtazama akila chapati.

Kumbe ndiyo hiyo. Sihoho, ndivyo watu wa huku wanavyoita. Jicho la mtu likitua kwenye chakula chako, tumbo lako ndilo linalipa.

Nikamwambia mimi ni Mbukusu, hayo siyajui.

"Na mtoto wako analelewa wapi, Maxi?"



Jumapili, 21 Desemba

Benta alikaa kwa benchi lake la siku zote. Leo benchi zima lilikuwa lake. Mimi nilikaa nyuma na Bridget. Baadaye nikamwambia nilichelewa.

Sikuchelewa.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimekutana na mama Okinyi kwa maji. Hospitali walisema ni amoeba, amepewa dawa, sasa anakula. Nikafurahi, nikafikiri yameisha. Lakini wenzake pale kwa foleni wakasema dawa imeshika kwa sababu mtoto amefichwa, Benta hajamwona tena. Mama Okinyi hakubisha. Akajitwika mtungi wake akaenda.

Jumanne, 23 Desemba

Nilifunga dirisha, nikavuta pazia, nikaweka sufuria kwa jiko. Peke yangu kama mwizi. Sukari ilikuwa imeanza kugeuka rangi Benta alipobisha.

"Maxi, nasikia harufu ya sukari."

Amekuja na simsim aliyokaanga mwenyewe, amevaa nguo nzuri, leso amefunga juu yake. Akaona sufuria. Akaona pazia.

"Perez alisema..." nikaanza.

"Perez alisema. Na wewe ulisema nini?"

Moshi ukaanza kutoka. Benta akanisukuma polepole, akatoa sufuria motoni.

"Imeungua hii. Mwaga, tuanze."

Tukaanza. Yeye anakoroga, mimi namimina njugu na simsim. Tukatandaza kwa trei, tukakata kabla haijakauka. Kidole changu kikachomeka, akakishika chini ya maji. Alipotoka akasema tu: sikulala jana.

Jumatano, 24 Desemba

Mume wangu Wanyonyi amerudi kutoka kazini, akachukua kipande kwa trei. Tamu, akasema. Akauliza nani alipika. Nikamwambia. Akarudisha nusu iliyobaki.

"Wewe na mimi ni watu wazima," akasema. "Bridget je?"

Bridget alikuwa amesimama hapo hapo akiomba kimoja. Nikamwambia angoje kesho. Mimi mwenyewe nikala, nikakaa nikisikiliza tumbo langu. Mimi, niliyesema siyajui!

Alhamisi, 25 Desemba — Krismasi

Naandika mchana huu.

Baada ya ibada tuliweka trei kwa meza nje. Perez akauliza mbele ya kina mama wote: hizi zimepikwa na nani?

Nikasema, "Mimi na Benta. Kama kila mwaka."

Wamama wengine wakashika watoto wao mikono, wakaondoka. Hakuna aliyetukana. Walikuwa na adabu sana, na hiyo ndiyo iliniuma. Wachache wakabaki, wakinitazama. Nikamsukuma Bridget mbele, awe wa kwanza.

Benta akanyoosha peremende huku amegeuza uso kando, kwa ukuta. Alikuwa anagawa bila kumwangalia mtoto.

"Benta," nikasema. "Mtazame."

Akamtazama. Bridget akala, akaomba kipande kingine. Ndipo wale wengine wakasogea.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Tulikula kuku na chapati, Bridget akanywa soda mpaka akateuka. Akacheza nje. Kila akinyamaza nilitoka kumwangalia.

Sasa amelala kwa kochi, magoti kifuani. Tumbo linauma, mama, anasema. Ni soda. Mtoto yeyote angeumwa, na vile amekula leo. Nimemwambia Wanyonyi hivyo. Amevaa viatu, anatafuta simu.

Mlango unabishwa.

"Maxi, ni mimi Benta. Nimekuja kuwasalimia. Mtoto yuko?"

Wanyonyi anatingisha kichwa. Usifungue, anasema kwa midomo tu, bila sauti.

Bridget amesikia. Anaita, "Mama, ni auntie."

Benta naye amemsikia. Ameacha kubisha, lakini hajaondoka. Naona kivuli chake chini ya mlango.