Mtani, Nani Aliingia Kwenye Seva Yetu?

Mtani wangu Mbena,

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Nakuandikia nikiwa zahanati hapa Mfaranyaki, kwenye kile chumba cha seva ulichonifundishia kazi. Kila anayepita mlangoni namtazama mara mbili.

Unakumbuka msiba wa baba kule Ruhuwiko? Kama desturi ya watani msibani, ulivaa koti lake na kofia yake, ukakohoa kama yeye, ukaanza kuwagombeza waombolezaji kwamba wamemaliza ugali wote, hawakumbakizia hata panya mmoja, kile kitoweo mnachotutania nacho sisi Wangoni. Nilikuwa sijacheka siku tatu. Sikuwahi kukushukuru.

Lakini utani wako nao! Ile Jumapili ulinipigia, "Mngoni, seva inaungua!" Nikatoka kanisani mbio, nikapanda bodaboda, nikakukuta umekaa unakunywa chai, unacheka mpaka machozi. Ndiyo maana hata ulipohamia Njombe, ujumbe wako niliusoma kwa jicho moja.

Ukaja ule wa mwisho: "Mngoni, acha panya kwanza unisikilize. Programu ya hiyo seva ina tundu. Mtu akiwa popote duniani anaingia bila nywila, anaiamuru mashine ifanye anachotaka. Weka toleo jipya leo hii."

Nikakujibu, "Mbena, leo hunipati."

Siku ya nne mafaili ya wagonjwa yakagoma kufunguka. Akina mama walikaa kwenye benchi na watoto wao wenye homa, na hakuna aliyejua nani alipewa dawa gani. Daktari mkuu akaniita. "Nani mwingine anaijua hii mashine?" Nikataja jina lako.

Nitakwambia kweli: nilikushuku. Ulijuaje habari za tundu kabla hatujaingiliwa? Kwa nini uliondoka Songea bila kuaga vizuri? Wenzetu waliponong'ona, nikajiambia lisemwalo lipo. Vicheko vyako vyote vya zamani nikaviona vya mtu mwenye lake jambo. Hata fundi aliyetoka Dar aliposema tundu lile limetangazwa kila mahali na wezi wa mbali wanapitia humo humo, moyo haukutulia. Wakuu nao hawajaridhika. Wanasema aliyeisimika mashine ndiye anayejua pa kupenyea, na Alhamisi wanakuita uje ujieleze.

Sasa ninayemshuku ni mimi mwenyewe. Maana siku ile daktari aliniuliza na swali la pili: "Kuna mtu yeyote alikuonya?" Nikasema hapana. Nikaogopa kazi yangu, mtani. Nikaenda chooni, nikaufuta ujumbe wako.

Wewe bado unao. Njoo nao Alhamisi, uwasomee wote, na jibu langu pia uwasomee. Usinionee huruma, na siku hiyo tafadhali usinitanie.

Wasalimie watoto.

Ni mimi, mtani wako niliyekutaja.