Nguruwe Wangu Upande wa Pili wa Ukuta

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu
Nimeacha kushona. Nguruwe amekataa chakula tena. Nimempa matembele, pumba, hata ndizi. Amelala tu, mwili moto, mimba imejaa, madoa mekundu mgongoni. Tangu bwana yangu afariki, huyu ndiye ananilisha. Cherehani inaninunulia chumvi na sabuni, basi. Akifa na watoto tumboni, nimekwisha.

Daktari wa mifugo wa serikali alipanda mtumbwi kwenda Opala. Hakuna anayejua atarudi lini. Kesho nitampigia yule daktari wa mifugo wa simu, wa Kinshasa.

Jumanne, tarehe 4
Rezo ya simu imekubali. Nimemwonyesha kila kitu kwa video: masikio, mgongo, mpaka mavi. Kumbe ni binti mdogo, sauti tamu. Amesema nimmwagie maji, nimtenge. Dawa ya sindano, hapana. Kanuni yao: haandiki antibiotiki kama ndani ya miezi kumi na miwili hajafika zizini kwa miguu yake. Eti kuna homa mbili zinafanana, moja ina dawa, moja haina, na kwa simu mtu anajidanganya.

Nimemuuliza kama hiyo kanuni yake itanyonyesha watoto mama yao akifa. Namchukia.

Jumatano, tarehe 5
Farmasi ya mifugo wamenifukuza kama mwizi. Bila ordonansi, karatasi ya daktari, hawatoi hata tone. Sokoni wanauza bila kuuliza, lakini chupa ya mwaka jana ilikuwa maji matupu na mbuzi wa dada yangu waliisha wote. Sitaki.

Kinachonichoma roho zaidi: binti huyo alikuja hapa Kisangani mwezi wa kumi na moja. Aliingia kwa Papa Anaclet, ukuta mmoja na mimi, akakagua nguruwe wake wote. Mimi sikutoka. Hatusalimiani na yule mzee. Kwetu hapa mwenye dume anachagua mtoto mmoja wa kila uzao. Yeye kwangu alichukua wawili: mmoja wa dume, mwingine eti wa usumbufu. Mzee hana haya.

Alhamisi, tarehe 6
Hasimami. Nimemeza mate machungu, nimeenda kwa Anaclet.

Nimemwambia: tumhamishie kwako, kibanda kitupu cha nyuma, umpigie daktari simu wewe. Kwako daktari alishafika. Amekubali haraka. Hakuuliza atapata nini, Anaclet huyo huyo! Wanawe wawili na wapwa zake wawili wamemburuta juu ya gunia.

Kwenye video daktari ameuliza kama huyu ni mmoja wa wale aliowaona. Mzee hakupepesa jicho.

"Ndiyo, docteur. Hii nguruwe iko yangu."

Mimi nyuma ya simu, mkono mdomoni. Ordonansi imeingia kwa jina lake, farmasi wamempa. Amechoma mwenyewe, daktari anamwelekeza. Mungu wangu, nisaidie.

Jumatatu, tarehe 10
Anakula! Madoa yanafifia. Nimecheka peke yangu jikoni.

Nilienda na kamba. Anaclet amesema sindano hazijaisha, nirudi Alhamisi. Bon. Siku tatu si kitu.

Alhamisi, tarehe 13
Mwizi. Mwizi. Mwizi.

Alikuwa ameketi mlangoni na chai yake. Hakusimama hata.

"Nguruwe gani, Mama Régine? Docteur aliandika jina ya nani?"

Nimemtukana mpaka sauti ikakauka. Avenue nzima imetoka. Nani atanishuhudia? Walioburuta ni watu wa nyumba yake. Shefu wa avenue, kiongozi wetu wa mtaa, ameniuliza tulimwambia nini daktari. Nimesema kweli. Akasema: basi mama, alisema ni wake, nawe ukanyamaza. Nyote wawili ni waongo, yeye tu ana karatasi.

Natamani kibanda kile kiungue. Hapana. Yumo ndani.

Jumamosi, tarehe 15
Nimeshika simu nimpigie daktari nimwambie yote. Namba iko tayari. Halafu nimefikiri. Akijua alidanganywa, hatawaandikia tena kitu chochote nguruwe wa pale. Na huyu yuko karibu kuzaa. Homa ikirudi? Mtoto akikwama? Anaclet atamwangalia afe, bora nisimpate mimi.

Nimeweka simu chini. Nimelia kwa hasira, si kwa huruma.

Ijumaa, tarehe 21
Amezaa. Nimewasikia watoto kupitia ukuta. Wengi. Sikwenda.

Jumatano, tarehe 26
Daktari yuko mjini. Amekuja kwa Anaclet kuchoma watoto sindano ya kuongeza damu. Nimesimama kwenye mlango wa nyuma wa ua wake, watu wengine nao walikuwa wanatazama. Nguruwe alikuwa amelala ubavu, mnene, watoto wote kwenye maziwa. Daktari anamsifu mzee kwa kazi nzuri. Mzee anatazama viatu vyake.

Binti ameinua kichwa, amenitambua. Amekuja mpaka niliposimama. Amesema siku ile ilimuuma kunikatalia, alifikiria simu yangu mara nyingi. Sasa amefika kwa miguu yake. Twende kwangu, amuone nguruwe wangu, amwandike kwenye daftari lake, nisihangaike tena.

Bomba la sindano lilikuwa mkononi mwake, nusu ya watoto bado hawajachomwa. Anaclet ameacha viatu vyake, ananitazama mimi.

Nimemwambia nguruwe yule simfugi tena.

Akanipa pole. Nikamwambia amalizie wale wadogo kwanza, nikarudi kwangu, nikaingia ndani.