Majani Mapya Nyuma ya Kilima

Yaya Kisimba, mukubwa wangu kule Elisabethville,

Muhogo iko, sote tuko wazima. Mama tu hayuko. Wiki tatu baba alikosa nyayo za swala mtoni, akamwambia, "Ugomvi yako njo inafukuza nyama," akamurudisha kwao Kinkondja.

Yaya, minyi njo niliunguza majani nyuma ya kilima, kwenye swala wanalala. Nilitafuta panya, swala wakakimbia. Baba sikumwambia.

Mvua ikaotesha majani mapya pale, nikamwambia baba akavizie kule. Hakuuliza nani aliwasha moto. Jana akaua swala. "Unaona? Tangu mama yako aende, pori imefunguka."

Akanipa ini, sababu nilimuonyesha mahali. Nikakula yote.

Umuandikie baba weye, umwambie moto ilikuwa yangu. Minyi kinywa inakataa.

Mudogo yako,
Mujinga